Nani Anayetengeneza Njia Usiku?

Leo naomba mnivumilie, maana sitaandika juu ya lugha za programu wala juu ya seva. Nataka tuzungumze historia, tena historia ya mchezo ambao hapa Siongiroi hakuna anayeucheza: mbio za nyika za kwenye theluji. Wenzetu wa nchi za baridi hufunga miguuni mbao mbili ndefu nyembamba ziitwazo skii, wakashika fimbo mbili mikononi, wakakata masafa porini kama vile sisi tunavyokata nyika kwa miguu.

Najua kuna atakayeuliza: mtu wa kompyuta, tena wa Chepalungu, theluji inamhusu nini? Jibu langu ni kwamba nyuma ya mchezo huu kuna kundi la watu ambalo halitajwi. Ni watu wa kujitolea wanaoingia kwenye hifadhi na bustani za umma usiku kutengeneza njia, ili asubuhi wengine wakija waikute iko tayari. Wengi wao hawalipwi. Theluji mpya ikianguka, kazi yao yote inafutika na wanaanza upya. Sisi tunaoandika na kutumia programu huria tunawafahamu sana watu wa namna hii, ingawa mara nyingi hatujui majina yao.

Basi twende hatua kwa hatua.

Barafu tunaijua

Msidhani watu wa Kericho na Bomet ni wageni wa barafu. Nyanda za chai za Kericho na Nandi zinatajwa katika maandishi ya hali ya hewa kuwa miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Mkulima wa chai anaijua hasara yake: dakika chache tu, majani yamechanika na wiki kadhaa za kuchuma zimepotea.

Katika miaka ya 1960 mvua hiyo ilipigwa vita kweli kweli, kwa roketi zilizorushwa mawinguni kutoka mashambani Kericho. Baadaye zikaja ndege za kunyunyizia mawingu kemikali. Kisha mwaka 1982 watafiti wawili, Schnell na Tan-Schnell, wakaandika katika jarida la Tellus kwamba vumbi la majani ya chai yaliyooza chini ya michai linaweza kuwa chembe ambazo barafu hujijengea juu yake huko mawinguni. Yaani huenda shamba lenyewe ndilo linalojiitia mvua ya mawe! Na Septemba 2008, kule Busara karibu na Nyahururu, mlima mzima ulifunikwa na barafu, watu wakaja kuichezea wakiamini ni theluji.

Lakini barafu yetu ina tabia moja: haikai. Inaanguka mchana, na jioni ng'ombe wakirudi imeshakuwa maji. Hakuna aliyewahi kulazimika kuitengenezea njia. Kwa hiyo Mkenya wa kwanza kuhitaji njia ya theluji alilazimika kuifuata mbali sana.

Wakenya wawili Ufini

Mwaka 1996 kampuni ya Nike ililipia safari ya wakimbiaji wawili wa Kenya, Philip Boit na Henry Bitok, kwenda Ufini kujifunza skii. Boit alizaliwa Eldoret Desemba 1971, na ni jamaa wa Mike Boit aliyepata medali ya shaba ya mita 800 kwenye Olimpiki ya Munich mwaka 1972. Wazo la wenye fedha lilikuwa rahisi kulieleza: Wakalenjin wanatawala mbio ndefu, mbio za skii zinataka mapafu na uvumilivu, kwa hiyo wachukue mapafu ya Kalenjin uwaweke juu ya skii uone itakuwaje.

Sote tunajua ilivyokuwa. Tarehe 12 Februari 1998, huko Hakuba kwenye Olimpiki ya Nagano, Boit alishindana katika kilomita 10 za mtindo wa klasiki. Bjørn Dæhlie wa Norway alishinda kwa dakika 27 na sekunde 24.5. Boit alimaliza wa 92, nafasi ya mwisho, kwa dakika 47 na sekunde 25.5. Dæhlie, ambaye alikuja kumaliza maisha yake ya Olimpiki na medali 12, nane zikiwa za dhahabu, alikataa kuondoka. Sherehe ya medali ikabidi ingoje. Alisimama kwenye mstari wa mwisho mpaka Mkenya akafika, akamkumbatia. Boit baadaye alimpa mwanawe jina la Dæhlie.

Hadithi hii imesimuliwa mara nyingi. Wengine wanaisimulia kama kichekesho, wengine kama somo la urafiki. Mimi nikiisoma kwa macho ya mtu wa programu naona jambo la tatu. Ile tofauti ya dakika 20 na sekunde moja haikutokana na mapafu. Dæhlie alikulia katika nchi ambayo mtoto akitoka shuleni anakuta njia ya skii imeshatengenezwa, bure, na mtu ambaye pengine hamjui. Boit aliona njia ya namna hiyo kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 24. Akirudi nyumbani hakukuwa na njia, ikabidi afanye mazoezi kwa skii za magurudumu barabarani. Nike walinunua tiketi, viatu, skii na mwalimu. Kitu ambacho hakikuweza kununuliwa kwa miaka miwili ni miaka 100 ya watu kutengeneza njia.

Njia yenyewe inatengenezwaje?

Hapa ndipo panaponivutia zaidi, kwa sababu ni uhandisi mtupu.

Theluji iliyoanguka sasa hivi ni hewa zaidi kuliko barafu. Ukiikanyaga unazama, ukipita na skii unahangaika. Kazi ya kwanza ni kuishindilia kwa rola au kwa mashine nzito ili hewa itoke. Kazi ya pili, hasa ikiwa theluji ya jana imeganda vibaya, ni kuikwaruza na kuivunjavunja upya ili chembe zilingane. Kazi ya tatu ni kukata mifereji: kibamba maalumu kinaburutwa nyuma na kuacha mifereji miwili iliyo sambamba, yenye kina cha sentimita chache, kama reli. Mkimbiaji wa mtindo wa klasiki huweka skii moja katika kila mfereji.

Baada ya hapo kuna kazi ya nne, ambayo haifanywi na mtu: kungoja. Chembe za theluji zilizosagwa na kushindiliwa huanza kushikana zenyewe zikiachwa katika baridi, na baada ya saa kadhaa njia inakuwa ngumu kubeba mamia ya watu. Ndiyo maana kazi hufanyika usiku, baridi inapokuwa kali na watu wamelala. Ukiitengeneza asubuhi na watu wakaingia mara moja, inabomoka.

Katika vituo vikubwa hutumika matrekta ya theluji yenye minyororo mipana, ambayo bei yake ni ya kutisha. Lakini katika hifadhi ndogo watu wa kujitolea hutumia pikipiki ya theluji inayoburuta rola na fremu ya chuma, wakati mwingine iliyochomelewa na fundi wa mtaani. Na adui wao mkubwa ni mguu wa binadamu. Mtu mmoja akipita na buti juu ya njia laini, kila hatua inaacha shimo. Usiku shimo linaganda, na kesho mkimbiaji anaanguka hapo. Dakika tano za mpita njia zinaharibu kazi ya saa tano. Mliowahi kuona mtu mmoja akiingiza msimbo ambao haukujaribiwa moja kwa moja kwenye mfumo unaotumika mnaelewa uchungu huo.

Waliotangulia

Zamani hapakuwa na mashine. Olimpiki ya kwanza ya majira ya baridi ilifanyika Chamonix, Ufaransa, mwaka 1924, na njia za wakati huo zilishindiliwa kwa skii za watu wenyewe. Theluji ikianguka wakati wa mashindano, wanaotangulia walifungua njia kwa nguvu zao na wanaofuata wakafaidi.

Mmoja wa watu walioleta mabadiliko Marekani ni Wendall Broomhall, ambaye wenzake walimwita Chummy, wa mji mdogo wa Rumford katika jimbo la Maine. Alishindana Olimpiki ya 1948 na ya 1952. Baadaye akawa msimamizi wa mbio za skii kwenye Olimpiki ya Squaw Valley mwaka 1960, ambako mifereji ilianza kukatwa kwa mashine, na tena Lake Placid mwaka 1980. Nyuma yake kulikuwa na wenzake wa klabu ya skii ya Rumford, watu wa kijijini waliozoea kujitolea kutengeneza njia za mlimani kwao. Yaani ujuzi uliotumika mbele ya dunia nzima ulikuwa umejengwa kwanza na kijiji, kwa ajili ya watoto wa kijiji.

Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1980 Mmarekani mwingine, Bill Koch, aliwashangaza watu kwa kusukuma skii pembeni, kama mtu anayeteleza kwa viatu vya barafu, badala ya kwenda ndani ya mifereji. Ilikuwa kasi zaidi. Mwaka 1982 alishinda Kombe la Dunia. Ubishi ukawa mkubwa, mpaka mashindano yakagawanywa katika mitindo miwili, na Olimpiki ya Calgary mwaka 1988 ikawa ya kwanza kuwa na yote miwili. Kwa wanaotengeneza njia matokeo yake yalikuwa haya: mifereji peke yake haikutosha tena, ikabidi pawe na uwanja mpana uliosawazishwa kando yake. Mtumiaji alibadili mtindo, mtunzaji akaongezewa kazi. Hilo nalo tunalijua.

Norway wao walikuwa wameanza kujipanga mapema. Chama cha skii cha Oslo, Skiforeningen, kilianzishwa mwaka 1883 na hadi leo ndicho kinachotengeneza sehemu kubwa ya njia za misitu inayozunguka mji huo, kwa ada za wanachama, michango na ruzuku ya serikali. Vijiji na vilabu vingine vinategemea zaidi kujitolea. Wanorwe wana neno lake, dugnad, kazi ya pamoja isiyolipwa. Mwaka 2004 walilichagua kuwa neno la taifa lao. Wafini wanaita talkoot.

Hapo kwenye talkoot nilisimama kidogo. Ufini, ile nchi aliyokwenda Boit, ndiko Jarkko Oikarinen alikotengeneza IRC huko Oulu mwaka 1988, ndiko mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, alikotangaza Linux mwaka 1991, na ndiko Tatu Ylönen alikoandika SSH mwaka 1995. Sisemi kwamba theluji ndiyo iliyozaa Linux. Nasema tu kwamba watu waliozoea kukuta njia imetengenezwa na jirani hawakuona ajabu mtu kuandika programu na kuwapa wengine bure.

Kuanzisha na kutunza

Sasa turudi nyumbani, maana huku ndiko kisu kinakogusa mfupa.

Sisi hatukuhitaji kufundishwa kazi ya pamoja na mtu wa Ulaya. Wakipsigis tuna kokwet, ule ujirani wa nyumba kadhaa unaoamua mashauri yake na kupanga kazi zake. Taifa nalo likapata harambee: Jomo Kenyatta aliifanya wito wa nchi mwaka 1963, na kwa miaka mingi shule, zahanati na mabirika ya kuogeshea ng'ombe vilijengwa kwa senti za wananchi. Ni historia ya kujivunia.

Lakini tukiwa wakweli tutakubali kwamba harambee ilikuwa hodari wa kuanzisha na dhaifu wa kutunza. Siku ya kuweka jiwe la msingi mgeni rasmi anakuja, kuna hema, kuna kwaya, kuna soda. Siku ya kuziba paa linalovuja hakuna mgeni rasmi. Wanasiasa waliligundua hilo mapema, harambee ikageuka jukwaa la kutafutia kura, hadi sheria ya maadili ya watumishi wa umma ya mwaka 2003 ikawawekea mipaka viongozi katika kuchangisha. Majengo mengi yalianza kwa kishindo yakamalizwa na mchwa.

Njia ya skii haina jiwe la msingi. Ni utunzaji mtupu kutoka mwanzo hadi mwisho. Hakuna siku utakayosema imekamilika, kwa sababu theluji ya usiku itaifuta. Wanaoifanya hiyo kazi wamejifunza kupata furaha mahali ambapo hakuna mkasi wa kukata utepe. Nadhani hilo ndilo jambo gumu kuliko mashine zote.

Katika ulimwengu wa programu tumeshalipa gharama ya kusahau hili. Aprili 2014 ilipotangazwa hitilafu ya Heartbleed katika OpenSSL, programu inayolinda siri za sehemu kubwa ya mtandao, ndipo watu walipogundua kwamba ilikuwa na mtu mmoja tu aliyeifanyia kazi muda wote, na michango ya takriban dola 2,000 kwa mwaka. Makampuni ya mabilioni yalikuwa yakipita juu ya njia hiyo kila siku bila kuuliza nani anaikwaruza usiku. Machi 2024 ikaja ya xz. Mtunzaji wake, Mfini, alikuwa amechoka na aliwahi kusema hivyo waziwazi. Mtu asiyejulikana akajifanya msaidizi kwa zaidi ya miaka miwili, akaaminiwa, kisha akapenyeza mlango wa siri. Uligunduliwa na Andres Freund kwa sababu tu aliona kuingia kwa SSH kumechelewa kwa kama nusu sekunde.

Na Boit je? Nike walipojitoa, yeye hakujitoa. Alirudi Olimpiki ya Salt Lake mwaka 2002 na kumaliza wa 64 katika mbio fupi, na Torino mwaka 2006 akawa wa 91 katika kilomita 15. Safari zote mbili hakuwa wa mwisho. Kwa hesabu za biashara jaribio lilikuwa limeshindwa mwaka 1998. Kwa hesabu za mtunzaji lilikuwa ndiyo kwanza linaanza, na ni yeye peke yake aliyebaki na rola mkononi. Mkenya aliyefuata kwenye Olimpiki ya theluji, Sabrina Simader, alikuja mwaka 2018, naye alikuwa amelelewa Austria. Njia ya Boit haikupata wa kuitunza nyumbani.

Tufanye nini basi?

Siongiroi hatuhitaji njia ya skii. Lakini tuna barabara za maramu, na huku Chepalungu, ambako chai inapungua na maziwa yanaongezeka, barabara ni maisha. Mvua ikinyesha na boda boda ikakwama na mitungi, maziwa yanafika kwenye kiwanda cha kupoza yameshachacha, na hasara ni ya mkulima. Shimo moja lililoachwa Machi ni korongo ifikapo Mei. Ni ule mguu wa buti kwenye theluji.

Norway kuna tovuti iitwayo skisporet.no. Mashine za kutengeneza njia hubeba GPS, na ramani inaonyesha kila njia ilipitiwa lini mara ya mwisho. Mtu akiwa nyumbani anajua aende wapi. Wengi wanaitazama kama huduma kwa wakimbiaji, ila mimi naona kazi nyingine inayoifanya: inamfanya mtunzaji aonekane. Kazi ya usiku inapata ushahidi asubuhi.

Sisi tuna simu mkononi na vijana wanaojua kuandika programu. Mwaka 2008 Wakenya wa kujitolea walijenga Ushahidi kwa siku chache ili kuweka kwenye ramani maovu ya baada ya uchaguzi. Ikiwa ramani iliweza kuonyesha palipochomwa, inaweza pia kuonyesha palipotengenezwa: kokwet gani ilifukia shimo gani, tarehe ngapi, na barabara ipi haijaguswa tangu mvua za mwaka jana. Msimbo wenyewe si mgumu. Ugumu ni kumpata wa kuutunza mwaka wa pili, wa tatu na wa nne, wakati msisimko umekwisha.

Kwa hiyo kabla hujaanza mradi mpya wikendi hii, angalia kwanza ule unaoutumia kila siku. Tafuta orodha ya hitilafu zake, chukua moja ndogo, irekebishe. Au andika maelezo yake kwa Kiswahili. Au mtumie mtunzaji wake ujumbe wa asante, maana wengi hupokea malalamiko tu.

Nawatakia wiki njema, na mkipita njia laini mahali popote, jueni kuna mtu hakulala.